Kidole Gumba Kile Hukukivunja Wewe

Mlio wake ulikuwa mdogo, tik, kama njiti ya kiberiti inayokatika. Bunduki ya plastiki ilikuwa ikisukumwa kwenye kiganja cha askari wa kuchezea mwenye kimo cha sentimita 9.5, mara kidole gumba kikaanguka sakafuni, kidogo kuliko punje ya mchele, na hakikuonekana tena. Tangu siku hiyo askari akawa hashiki silaha. Akageuzwa majeruhi, akalazwa kando ya vita vyote vilivyofuata, na watu wazima wakasema neno lao la siku zote: watoto hawajui kutunza vitu.

Kichukue kiganja hicho leo ukitazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona kwamba mtoto alisingiziwa. Kwenye askari wadogo wa G.I. Joe, vichezeo vya kampuni ya Hasbro ya Marekani, walioanza kuuzwa mwaka 1982, kiganja na mkono wa mbele vimemiminwa pamoja kwa plastiki ngumu. Nafasi iliyo kati ya gumba na vidole vingine ni nyembamba kuliko mishikio ya silaha nyingi zilizouzwa na askari haohao. Mtoto akiusukuma mshikio kutoka mbele, ambako ndiko mkono unakoonekana umefunguka, mshikio unafanya kazi ya kabari. Plastiki ya namna hii haipindi polepole ikakuonya. Inavumilia, inavumilia, kisha inakatika. Kabla ya kukatika huacha alama moja tu: weupe mwembamba kwenye shina la gumba, mahali plastiki ilipovutwa kupita uwezo wake. Ukiuona weupe huo, ufa umeshaanza. Kwa hiyo gumba lililokatika siku ile lilikuwa likikatika kwa wiki nyingi, kila bunduki ilipoingizwa na kutolewa.

Karibu kila kilichotuvunja moyo kwenye sanamu hizi za mashujaa kina sababu ya aina hii. Inaonekana kwa macho, inapimika kwa rula, na ilikaa ndani ya kalibu ya kiwandani, chombo cha kumiminia plastiki, kabla mtoto hajaigusa sanamu. Anayezifungua mezani moja baada ya nyingine huishia kuwasamehe watoto wote.

Mikono ndiyo yenye historia ndefu kuliko viungo vyote. Hasbro ilipotoa G.I. Joe ya kwanza mwaka 1964, yenye kimo cha inchi 12, yaani kama sentimita 30, ilikwepa kabisa kuiita mdoli, kwa hofu kwamba wavulana wa Marekani wasingeitaka. Ikatungiwa jina jipya la biashara lenye maana ya sanamu ya vitendo, na jina hilo likaja kuwa la bidhaa zote za aina hiyo duniani. Gumba la mkono wake wa kulia lilikuwa na ukucha upande wa ndani, usio wake. Kosa hilo halikusahihishwa, kwa sababu lilifaa kuwanasa wanaoiga: sanamu ya mwingine ikiwa na ukucha hapohapo, imenakiliwa. Mwaka 1974 vikaja viganja vya plastiki laini kama mpira, vyenye vidole vilivyokunjika tayari kukamata kamba au bunduki. Kwenye pakiti vilipendeza sana. Ila plastiki hulainishwa kwa kemikali iliyochanganywa ndani yake, na kemikali hiyo haikai milele. Hutoka taratibu, kiganja kikakauka, vidole vikaanza kupukutika kimoja kimoja. Ulaini ulimaliza vidole vya 1974, ugumu ukamaliza gumba la 1982. Baina ya hayo mawili kulikuwa na njia ya kati, plastiki yenye unyumbufu kiasi, lakini nayo hupinda na kupoteza sura. Hakuna kiganja cha bure.

Sasa twende ndani ya kifua, maana huko ndiko lilikokuwa tatizo kubwa zaidi. Askari wa 1982 hakugandishwa kwa gundi kati ya kifua na miguu. Ana oringi moja nyeusi, pete nyembamba ya mpira isiyofika unene wa milimita 2, na pete hiyo peke yake ndiyo inayoshika mwili mzima. Juu imezungushiwa nguzo ya skrubu ndani ya kifua. Chini imepita kwenye ndoano ya chuma inayounganisha miguu miwili. Kipande cha nyonga kimebanwa katikati kwa mvuto wa pete tu. Ni ubunifu mzuri kwelikweli, kwa sababu ndio uliompa askari mdogo vile kiuno kinachogeuka na kuinama, na nyonga zenye kusimama pale unapoziweka. Lakini mpira ulio katika hali ya kuvutwa ndio unaoshambuliwa haraka na oksijeni na ozoni ya hewani, na pete hii imevutwa tangu siku ilipofungwa kiwandani. Ndiyo maana hata askari ambaye hajawahi kutolewa kwenye pakiti yake anaweza kukutwa amekatika vipande viwili ndani ya kifuniko kisichofunguliwa. Hakuna mtoto aliyemgusa huyo.

Dalili huanza mapema. Kiuno kinalegea, unaona mwanga kati ya kifua na nyonga, askari anainama mwenyewe anaposimamishwa. Kisha siku moja miguu inaanguka.

Kumrudisha ni kazi ya robo saa. Unahitaji bisibisi ndogo ya nyota, kibanio chembamba, oringi mpya nyeusi za mpira wa nitrili na sahani yenye ukingo, kwa sababu skrubu ikidondoka sakafuni unaweza kuitafuta mpaka jioni. Jaribu namba 0 na namba 1 za bisibisi, utumie ile inayojaza kichwa cha skrubu bila kucheza. Bonyeza kwa nguvu zaidi kuliko unavyozungusha. Kichwa cha skrubu kikishaliwa, kazi ya robo saa inakuwa ya siku nzima. Mlaze askari kifudifudi, toa skrubu ya mgongoni, kisha nyanyua nusu ya mgongo polepole. Angalia mikono na kichwa vimekaaje kabla hujagusa kitu, au piga picha. Toa mabaki yote ya pete ya zamani. Mara nyingi yamekuwa makombo magumu, au yamegeuka lami inayonata, na lami hiyo ikibaki itaila pete mpya. Pitisha oringi kwenye ndoano ya miguu, ipandishe katikati ya kipande cha nyonga, ivute kwa kibanio mpaka izunguke nguzo ya skrubu. Rudisha kichwa, mikono, kisha mgongo.

Hapa kwenye kufunga ndipo wengi huharibu. Skrubu ilichonga njia yake kwenye plastiki siku ya kwanza. Ukiikaza moja kwa moja itachonga njia ya pili, na baada ya mara mbili tatu nguzo haina tena cha kushika. Kwa hiyo izungushe kwanza kinyume, kushoto, kwa wepesi, mpaka uisikie ikitumbukia kwa kishindo kidogo. Hapo imeipata njia yake ya zamani. Ndipo uikaze, na uache mara tu pande mbili zinapokutana. Ukiendelea nusu mzunguko zaidi nguzo hupasuka ndani, usiione, na mgongo utaanza kufunguka wenyewe.

Ukubwa wa pete usikisiwe. Kama ya zamani ni nzima, ipime kipenyo cha ndani na unene. Kama imekatika, nunua saizi tatu zinazokaribiana ujaribu. Iliyolegea humfanya askari mlevi. Iliyobana sana ni mbaya zaidi, kwa sababu inavunja mikono myembamba ya kipande cha nyonga, na hicho hakiungiki kwa gundi kikadumu. Rababendi ya kufungia karatasi isitumike kabisa. Itashika kwa miezi michache, kisha itayeyuka humohumo na kuacha doa kwenye plastiki.

Sanamu za filamu ya Star Wars, za kampuni ya Kenner, zilikuwa na kimo kilekile cha inchi 3¾, yaani sentimita 9.5, nazo zilitangulia, ila mwili wake ulikuwa mwingine kabisa: viungo vitano tu. Shingo, mabega mawili, nyonga mbili. Hakuna kiwiko wala goti. Matokeo yake kila mtoto anayajua. Rubani aliketi kwenye chombo chake miguu imenyooka mbele kama aliyelazwa kitandani, na askari akipiga hatua moja anaanguka, kwa kuwa mguu mmoja ukienda mbele uzito wote wa kifua unabaki juu ya unyayo usiofika sentimita moja na nusu. Nyonga zikishalegea kwa kuchezewa, hata kusimama sawasawa kunashindikana. Kwenye nyayo kuna matundu, na matundu hayo ndiyo yaliyokuwa jibu: kipini cha plastiki kwenye kisimamio kinaingia tunduni na sanamu inasimama. Watoto wengi hawakuwa na kisimamio, wakaziegemeza ukutani.

Luke, Darth Vader na Obi-Wan walipewa upanga wa mwanga uliofichwa ndani ya mkono. Unasukuma kitufe kwenye reli iliyo chini ya mkono, upanga unatoka kiganjani, kisha, kwa sanamu za mwanzo kabisa, ncha nyembamba zaidi inavutwa nje ya upanga kwa vidole. Ncha hiyo ndiyo ya kwanza kupotea. Ilivutwa kwa kushikwa mwishoni kabisa, ikapinda, na ilipopinda haikurudi tena ndani bila kukatika. Ukipata iliyopinda lakini nzima, usiinyooshe ikiwa baridi. Dakika moja kwenye maji ya moto yasiyochemka, nyoosha taratibu kwa vidole viwili, kisha itumbukize kwenye maji baridi ikiwa bado umeishika.

Na hao walikuwa wale ambao angalau walikuwepo. Filamu ilipotoka mwaka 1977, Kenner haikuwa na sanamu tayari kwa Krismasi ya mwaka ule. Kilichouzwa madukani kilikuwa bahasha ya kadibodi yenye cheti, stika na jukwaa la karatasi la kupanga sanamu ambazo hazikuwepo. Unajaza cheti, unakituma kwa posta, na mwaka 1978 unaletewa wanne: Luke, Leia, Chewbacca na R2-D2. Kuna watoto waliofungua zawadi asubuhi ya sikukuu wakaambulia karatasi. Kwa mzazi ilikuwa ahadi. Kwa mtoto wa miaka sita, miezi kadhaa ni sawa na kamwe.

Kisha Boba Fett, mwindaji wa watu kwa malipo wa filamu hizohizo. Mwaka 1979 alitangazwa kwamba atatumwa kwa posta kwa atakayekusanya alama za ununuzi, na mgongoni atakuwa na roketi inayoruka kwa springi. Waliompokea walimpata roketi ikiwa imegandishwa, haitoki. Waliokasirika walikuwa na haki ya kukasirika, lakini hapa sababu ilikuwa nzito kuliko hasira. Muda mfupi kabla ya hapo mtoto alikuwa amefariki kwa kupaliwa na kombora dogo la plastiki kutoka kichezeo cha kampuni nyingine. Kuanzia 1980 Marekani ikaanza kutumia kanuni ya vipande vidogo: kipande cha kichezeo cha watoto wa chini ya miaka 3 kikitumbukia chote ndani ya silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, kichezeo hicho hakiruhusiwi. Silinda hiyo imekadiriwa kwa koo la mtoto mdogo. Katika mambo yote yaliyotuvunja moyo, roketi isiyoruka ndiyo pekee ambayo mtu hapaswi kutaka irudishwe.

Ukiona vyaelea, vimeundwa, na kilichoelea kwenye tangazo la televisheni kiliundwa kwa mchanga, moshi, taa za pembeni na mkono wa mtu mzima aliyejificha chini ya meza. Picha za kwenye pakiti zilichorwa na wasanii hodari. Hector Garrido aliyechora askari wengi wa G.I. Joe aliwapa misuli, jasho na moto nyuma yao. Halafu unafungua, na mgongo wa sanamu hauna rangi hata kidogo. Hilo nalo lina hesabu yake. Kila rangi inayoongezwa ni hatua nyingine kiwandani: kinyago cha chuma cha kukinga sehemu zisizotakiwa, mpulizaji, muda wa kukauka. Macho na mkanda vinaonekana kupitia plastiki ya pakiti, mgongo hauonekani, kwa hiyo bajeti inaishia mbele. Kobe wanne wa ninja (Teenage Mutant Ninja Turtles) wa kampuni ya Playmates walipotoka mwaka 1988, silaha zao zilikuja zote kwenye fremu moja ya plastiki ya rangi moja, kahawia, panga na fimbo sawasawa, na mtoto akaachiwa kazi ya kuzikata. Wengi walizizungusha mpaka zikang'oka, zikaacha kidonda kwenye mshikio. Njia sahihi ni kukata kwa koleo kali mbali kidogo, ukiacha milimita 1 au 2, kisha kukwangua kisiki kwa wembe kuelekea nje.

Lakini sanamu iliyopishana na picha yake kuliko zote ni Ironhide wa Transformers, roboti zinazogeuka magari, ya mwaka 1984. Kwenye katuni ni roboti mwenye uso, mabega na sauti. Kwenye mkono wa mtoto ni gari linalofunguka na kubaki na miguu, mikono, na kiti cha dereva chenye stika ya uso. Kichwa hakuna. Ratchet naye alikuwa hivyohivyo, maana ni kalibu ileile. Sababu ni kwamba Hasbro hawakuvibuni vichezeo hivi kwa ajili ya katuni. Walivichukua kutoka kwa Takara wa Japani, ambako vilikuwa mashine za kuendeshwa na rubani mdogo wa plastiki. Kile kiti kilikuwa kiti kweli. Uso kwenye katuni ulibuniwa baadaye kufunika pengo hilo, na mtoto ndiye aliyeligundua pengo akiwa amekaa sakafuni na maelekezo mkononi, akitafuta kipande ambacho hakikuwahi kuwepo.

Kalibu ni neno la kulishika, kwani linaeleza mengi. Kalibu ya chuma cha pua inachongwa kwa gharama kubwa, ikishachongwa inamimina maelfu kwa maelfu bila gharama nyingine kubwa. Kwa hiyo kila kampuni hutafuta namna ya kuimimina tena. Mattel ilipotoa Masters of the Universe mwaka 1982, He-Man na wenzake walichangia vifua, mikono na miguu. Teela na Evil-Lyn ni mwili mmoja wenye vichwa na rangi tofauti. Stinkor wa 1985 ana kichwa cha Mer-Man kilichobadilishwa rangi, na upya wake wote uko kwenye harufu ya pachuli iliyochanganywa kwenye sanamu, ambayo mpaka leo inanukia ukimtoa kwenye boksi. Hata yule chui-milia mkubwa wa kupandwa, Battle Cat, kalibu yake ilikuwa ya chui-milia wa Big Jim, sanamu za zamani za kampuni hiyohiyo zilizokuwa na kimo kikubwa zaidi. Mnyama wa kawaida kwa Big Jim akawa farasi kwa He-Man. Hapo tunakiri kwamba ubanaji matumizi ulizaa kitu kizuri kuliko alichokusudia yeyote.

Miguu ya He-Man ndiyo iliyoangusha. Imeunganishwa kwa mpira mfupi unaopita ndani ya nyonga kutoka mguu hadi mguu. Mpira ukilegea anakaa kama aliyechoka, miguu imetawanyika. Ukikatika, mguu unatoka mkononi mwako. Unarekebishika bila kupasua kifua: unapitisha uzi imara, ule wa kusafishia meno unafaa, kwenye mpira mpya, unauvuta kupitia nyonga mpaka utokeze upande wa pili, unavisha mguu, unaachia. Kiuno chake cha springi, kile cha kumzungusha na kumwachia apige ngumi, kisiguswe isipokuwa lazima, kwa sababu kufungua kifua kunataka kukipasha moto mpaka gundi iachie, na rangi huathirika.

Springi hizo zina somo lake. Kila kitendo kinachojengwa ndani ya kifua kinakula nafasi ya viungo. Kenner walipotoa Super Powers, sanamu za Superman na wenzake, mwaka 1984, ukibana miguu ya Superman mikono inapiga ngumi. Raha ya siku mbili, kisha unagundua kiuno hakigeuki. He-Man wa deraya za vita wa mwaka huohuo alikuwa na pipa dogo kifuani linalozunguka akigongwa: deraya nzima, deraya yenye mkwaruzo mmoja, deraya yenye mikwaruzo miwili. Pipa likikwama kwa vumbi, anabaki amejeruhiwa daima. Dawa yake ni hewa ya kupuliza na mswaki mkavu pembeni mwa pipa, si mafuta, kwani mafuta hukusanya vumbi zaidi.

Kwa nini basi madukani palibaki sanamu ileile, shujaa mmoja katika nguo kumi? Katoni ya jumla hupangwa kiwandani. Shujaa anawekwa mara kadhaa, adui mara moja, mwanamke mara moja au asiwekwe. Aliyewahi anachukua adui, aliyechelewa anamkuta Batman wa rangi ambazo Batman hajawahi kuvaa, mwili uleule uliopakwa upya. Mtoto alidhani bahati yake mbaya.

Stretch Armstrong wa Kenner, mwaka 1976, hana viungo vya kuvunjika. Ni ngozi ya lateksi iliyojazwa sharubati nzito ya mahindi. Unamvuta mikono, anarefuka, anarudi polepole. Tobo dogo kama la sindano linatosha kumwaga utamu unaonata kwenye zulia, na hata asipotoboka, lateksi inazeeka na sharubati inakazana mpaka anakuwa jiwe. Wazima waliobaki walihifadhiwa wamelazwa, gizani, mahali pa baridi ya wastani. Aliyekwisha kukauka hafufuki, na kumvuta kwa nguvu ni kumpasua.

Aliyezitoa sanamu zake kwenye boksi la dari baada ya miaka mingi hukutana na plastiki yenyewe ikiwa imebadilika. Kunata ni ile kemikali ya kulainisha ikitoka juu. Osha kwa maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na mswaki laini, kausha siku nzima. Itarudi baada ya miezi, osha tena. Spiriti hula rangi, na asetoni au thina huyeyusha sanamu yenyewe. Usizifunge kwenye mifuko ya plastiki laini ya vinaili, wala usilaze silaha laini juu ya sanamu ngumu, kwa sababu kemikali hiyo ikihamia kwenye plastiki nyingine inachimba shimo. Kiungo kilicholegea kipake ndani tabaka jembamba la vanishi ya akriliki ya maji, kiache saa 24, rudia mara mbili au tatu. Supaglu inafaa tu kwa asiyesahau kukizungusha kiungo mfululizo mpaka ikauke. Akisahau sekunde chache, kiungo kimeganda.

Umanjano wa plastiki nyeupe unasababishwa na miale ya urujuanimno na, kwa baadhi ya plastiki, huenda na bromini iliyowekwa kuzuia moto. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6 hadi 12 juani kwa saa 4 hadi 8, sehemu nyeupe imezama yote na inageuzwa kila saa, huirudishia weupe. Vaa glavu na miwani. Toa stika, usiizamishe sehemu yenye rangi, na usitegemee weupe huo udumu, maana umanjano unaweza kurudi hata gizani. Kromu iliyobanduka hairudishwi nyumbani. Na kuna ile plastiki yenye mawimbi ya chembe za dhahabu iliyotumika kwenye baadhi ya Transformers: hiyo inasagika kama biskuti hata ikiwa haijachezewa. Ukiwa nayo, usiigeuze kuwa gari. Iweke ilivyo.

Sanamu za kabla ya miaka ya 2000 zisirudi mikononi mwa mtoto mdogo anayetia vitu mdomoni, hata ziwe nzima kiasi gani. Kemikali za kulainisha zilizopigiwa mpaka wa asilimia 0.1 kwa vichezeo, Ulaya mwaka 2005 na Marekani mwaka 2008, zilikuwa za kawaida humo, na rangi nyingine zina madini ya risasi au kadimiamu.

Kwa mtu mzima anayetaka kumrudishia askari wake bunduki, utaratibu ni huu. Kagua shina la gumba kama kuna weupe. Ukiuona, acha, mwache ashike mkanda wa bunduki kwa kifundo badala ya kiganja. Kama ni safi, tumbukiza mkono mpaka kiwiko kwenye maji ya moto yasiyochemka, nyuzi 70 hivi, kwa sekunde 30 hadi 60. Chovya na mshikio wa bunduki pia kama ni wa plastiki laini. Usisukume kutoka mbele. Telezesha mshikio kutoka juu ya kiganja kwenda chini, sambamba na vidole, mpaka utulie, kisha mkono uingie maji baridi. Ukitaka kuitoa, rudia maji ya moto kwanza.